Namba ya Mke Mwenzangu

Skana, ile mashine ndogo ya kusomea lebo, ndiyo iliyonirudisha ghalani. Nilikuwa nimeshafika getini, begi begani, mume wangu ananisubiri nje juu ya pikipiki yake, nikakumbuka nimeiacha kwenye rafu ya beringi. Skana ikilala bila chaji, asubuhi hakuna kazi, na Bosi anageuka mbogo.

"Nisubiri kidogo," nilimwambia. "Narudi sasa hivi."

Akaitikia kwa kichwa. Mwanamume wa maneno machache huyo, angalau kwangu mimi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya bati za ghala.

Lakini kabla sijaingia humo ndani, lazima mumjue Bi Namba.

Bi Namba alikuwa mke wa kwanza wa mume wangu. Alifariki kabla mimi sijaajiriwa pale, na sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Alikuwa mtunza ghala, kazi ninayoifanya mimi. Ghala letu ni la spea za mashine, na yeye ndiye aliyezipa namba zote, kuanzia pampu nzima mpaka nati ya kushika kwa kucha. Herufi mbili za mwanzo zinataja aina ya kitu, kisha ukubwa, kisha rafu, na mwisho kabisa namba ya mfanyakazi aliyekipokea. Yeye alikuwa arobaini na moja. Basi popote utakapoinua macho, arobaini na moja. Kila boksi, arobaini na moja. Unakwenda kutafuta mkanda wa pampu, unakutana na mke wa mumeo.

Na hizo sifa sasa! Bi Namba alikuwa kichwa. Bi Namba asingeweka hivi. Muulizeni mumewe, yeye anaujua mfumo wa Bi Namba. Mimi nimeolewa na mume wake, nimekalia kiti chake, na bado marehemu ndiye mwenye nyumba. Niseme wazi, sitaki kujifanya malaika: nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakishuki. Mwanamke aliye hai unaweza kumvizia njiani mkapashana, roho ikatulia. Marehemu utampasha wapi?

Mume wangu ni dereva wa foklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, pale pale. Zile namba alizijua zote kichwani. Mtu akitaja kitu, yeye anaitaja namba yake huku foklifti imeshageuka, na anaitaja kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kuisikia ikiniita. Nyumbani nako nilikuta Bi Namba amebandika lebo mpaka kwenye kopo la sukari. Kopo la sukari, jamani! La chumvi, la majani ya chai, masufuria yote kwa ukubwa wake. Nilizibandua siku niliyohamia. Jioni yake nikamfuma mume wangu anachakura kwenye pipa la taka. Akapata moja, akaifuta kwa kidole, akaibandika ndani ya kofia yake ya kazini. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Basi Bosi akaleta skana na zile lebo za milia, akanipa kazi ya kuhamishia kila kitu kwenye mfumo mpya. Hapo nikaiona nafasi yangu.

Namba ya mfanyakazi aliyeondoka hufungwa, na ikifungwa haipewi mtu mwingine. Ni somo la kwanza unalofundishwa ghalani. Kompyuta haijui vitu wala watu, inajua namba tu. Kipya ukikipa namba ya zamani, kinarithi mambo yote ya yule aliyetangulia. Kuna mtu aliwahi kuipa beringi mpya namba ya mkanda uliokwisha zamani, na mfumo ukawa unatuagizia mikanda ile ile, mizigo kwa mizigo, mpaka tukakosa pa kuiweka.

Nililijua hilo vizuri. Arobaini na moja nikaifungua hivyo hivyo.

Nikafuta jina lake nikaweka langu. Nikaitoa picha yake nikaweka yangu. Nikajichapishia kitambulisho kipya, nikakivaa shingoni. Kwa kubonyeza mara moja tu, kila lebo kwenye ghala zima ikawa ya kwangu, na kazi yote aliyoifanya marehemu ikasomeka kwa jina langu. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia dirishani kuuliza kama niko salama.

"Niko salama kuliko siku zote," nilimjibu.

Hiyo ilikuwa mchana. Sasa twende kwenye hiyo jioni.

Niliingia, taa ya njia ya kwanza ikawaka. Taa zetu huwaka zenyewe mtu akipita, na zikizima ujue hakuna mtu. Nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya beringi. Skana ilikuwa pale pale nilipoiacha. Nikanyoosha mkono...

Taa ya njia ya tatu ikawaka.

Nikasimama. "Nani?"

Nikajiambia ni paka. Kila mtu aliyewahi kukutana na jambo kama hili alijiambia ni paka.

Krrr...

Ilikuwa printa ya lebo, kule mezani kwangu. Nilikuwa nimeizima mwenyewe na kuchomoa waya wake ukutani.

Krrr... krrr... krrr...

Halafu harufu ikanifikia. Gundi mbichi ya lebo, na juu yake poda ya waridi. Harufu hiyo naijua, tena naijua sana. Kuna blanketi moja la marehemu nyumbani ambalo mume wangu hataki lifuliwe, na kila nikilifungua kabati ndiyo inayonipokea. Nikainyakua skana, nikajibanza kwenye rafu.

Pii!

Skana ililia mkononi mwangu. Sikuwa nimebonyeza kitu. Nikaitazama. Kioo kilikuwa kimeandika arobaini na moja, na chini yake pale panaposema vilivyopo ghalani kwa wakati huo, pameandikwa mbili.

Vilivyopo: mbili.

Taa ya njia ya tatu ikawaka. Njia ya pili iko nyuma tu ya rafu niliyokuwa nimeiegemea. Kati yangu na njia hiyo kulikuwa na safu moja ya maboksi. Katika upenyo kati ya maboksi mawili nikauona mkono. Ulikuwa unabandika lebo. Dole gumba lilianzia katikati likasukuma hewa kwenda pembeni, taratibu, bila haraka hata chembe, kwa namna anavyobandika mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Mkono wa sweta ulikuwa wa kijani, una uzi umefumuka kwenye kifundo.

Nikatazama mkono wangu mwenyewe. Sweta ya kijani. Uzi umefumuka.

Kisha pumzi ikanigusa sikioni. Ilikuwa upande wangu huu wa rafu, nyuma ya shingo yangu kabisa.

"Ahsante kwa kunifungulia..."

Nikafumba macho.

"...mke mwenzangu."

Taa zote zikazima. Najua nilianguka, maana baadaye nilikuta goti limechubuka, lakini sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nikitambaa kwenye sakafu ya saruji, napapasa miguu ya rafu, nalia kwa sauti ya chini ili nisisikike. Na taa hazikuwaka. Nilipita njia ya kwanza nzima kwa magoti na hakuna taa hata moja iliyoniona.

Nilipofika getini nikakiweka kitambulisho kwenye mashine. Ikaonyesha taa nyekundu. Nikaweka tena. Nyekundu. Mlinzi akatoka kibandani mwake na tochi, akanimulika usoni, akarudi nyuma hatua.

"Madamu? Umerudi saa ngapi?"

"Sijatoka! Fungua geti!"

"Umetoka bwana. Mashine yenyewe inasema umeshatoka." Akanimulika tena. "Si umeondoka na mzee wako sasa hivi? Umepanda nyuma, umemshika kiunoni, umemlaza kichwa mgongoni. Na mzee anacheka! Nikasema leo kulikoni, mzee huyu nimemlindia geti miaka yote na meno yake sijawahi kuyaona."

Mnisamehe kwa nitakalosema. Mtu mwenye akili zake hapo angeogopa. Mimi kilichonipanda kwanza ni wivu. Anacheka? Na mimi huwa namshika kiunoni kila siku, mbona hacheki?

Mlinzi akanifungulia geti kwa mkono, nikakodi pikipiki mpaka nyumbani. Ya mume wangu ilikuwa mlangoni, injini bado ya moto. Taa ya jikoni inawaka. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga kwa ngumi, na nilipoinua mkono kugonga tena akafungua, upenyo wa uso wake tu.

Hakushtuka kuniona. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nilitegemea atapiga kelele, ataita majirani, atauliza wewe ni nani na yule ndani ni nani. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananisubiri.

"Nani yuko ndani?" nilinong'ona.

"Usipige kelele."

"Nakuuliza, nani yuko jikoni kwangu?"

Nyuma yake makopo yalikuwa yanapangwa. Moja baada ya jingine, tak... tak... tak... Harufu ya poda ya waridi ilikuwa inatoka mlangoni, nzito mpaka inakereketa.

"Unamjua," alisema.

"Yule si mtu! Ulimzika mwenyewe kwa mikono yako!"

"Najua nilimzika." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu, na sijui kama mwenyewe alikuwa na habari. "Amekuja na sura yako, lakini nilimjua tangu pale getini, alipopanda tu. Na wewe najua ni wewe. Sijachanganyikiwa, mke wangu."

"Basi mtoe! Mwambie aondoke, mume wangu, tafadhali. Nitaifunga ile namba, kesho asubuhi naifunga, sitagusa kitu chake tena..."

Aliutoa mkono mlangoni akaniwekea shavuni. Mkono wenyewe ulikuwa wa moto.

"Niachie leo tu," alisema. "Nakuomba. Leo tu."

Akaufunga mlango polepole, kwa uangalifu, kama anavyoufunga mtu ambaye ndani kwake kuna mgonjwa aliyelala. Nikasikia komeo. Kisha nikamsikia anaongea. Anaongea, jamani, mume wangu yule yule, maneno yanamtoka mfululizo, anasimulia, anauliza, anacheka katikati. Nilikaa kizingitini nikamsikiliza. Nilitafuta neno moja katika yote yale aliyowahi kuniambia mimi. Sikulipata.

Hiyo leo yake haijaisha mpaka leo.

Asubuhi nilikwenda kazini, geti likanikataa. Mashine ikasema arobaini na moja ameshaingia. Mlinzi hakunitazama usoni, alinisihi tu niondoke kabla Bosi hajatuona. Nikampigia Bosi simu, nikamwambia kila kitu, nikalia, nikamwomba aifunge ile namba mara moja.

"Namba ikiwa na mtu kazini mfumo haukubali kuifunga," alisema. "Halafu sijui wewe ni nani, lakini mtunza ghala wangu yuko hapa mbele yangu, na ghala halijawahi kupangika hivi. Usipige tena." Akakata.

Sasa naishi kwa dada yangu, upande wa pili wa mji. Nimemweleza yote, na nadhani ananiamini, maana chumba ninacholala amekitafutia taa ya kuwaka usiku kucha. Watu wengine tumewaambia mimi ni binamu yake mgeni, nafanana sana na mdogo wake. Dua tumesoma, waganga tumewafuata, mmoja akafika mpaka mlangoni kwa mume wangu na kurudi mbio bila viatu. Alikataa kusema alichokiona. Alisema tu kwamba kuna wanaoondolewa kwa sababu hawatakiwi, na huyu anatakiwa.

Juzi dada alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu. Hakuwa amenunua kitu. Aliketi mbele yangu akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Nimewaona," alisema.

Sikumuuliza nani.

"Amenisalimia. Ameniita dada, kwa sauti yako kabisa. Umenenepa... amenenepa. Amependeza. Watu wanasimama kuwatazama, wanasema ndoa imemkubali." Akaukunja tena mtandio. "Walikuwa wameshikana mikono, mdogo wangu. Barabarani, mchana kweupe, mtu mzima yule na ndevu zake. Amemshika kana kwamba akiuachia mkono atapotea."

Nikaendelea kuchambua mchele.

"Niambie ukweli," dada alinong'ona. "Wewe alipokuwa nawe, aliwahi kukushika hivyo?"

Nilitaka kudanganya. Dada yangu ni mtu wa kusikitika, na uongo mmoja mdogo ungemtuliza.

"Hapana," nilisema. "Hajawahi hata siku moja."