Kikombe Kilichokosekana Kaburini

Kitabu cha wafu hakikuwa sandukuni.

Inspekta Odashima aliinama akachungulia mara ya pili, kana kwamba kingeweza kurudi kwa kuona haya. Sanduku la mbao lilikuwa tupu. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulining'inia mahali pake, nyuma ya kengele ya shaba.

"Ulikiona mara ya mwisho lini?"

"Juzi mchana," alisema Mtawa Ryoen, msimamizi wa hekalu la Josenji. "Jana asubuhi nikakuta hivi. Nikadhani nimekiweka pengine. Nimepekua hekalu zima, hata jikoni."

"Kina nini ndani?"

"Majina ya waliozikwa hapa tangu enzi za babu wa babu yangu. Na wote waliochukuliwa na tsunami ya mwaka 1896. Wiki ijayo inatimia miaka mia. Nitasoma nini mbele ya watu, Inspekta? Gazeti?"

Odashima alitembea mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu aache sigara, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Mtaalamu wa alama za vidole aliinuka na brashi yake. "Hakuna kitu, Mkuu. Sanduku limefutwa."

"Mwizi mjanja."

"Sidhani. Kafuta na rafu nzima. Mpaka pembe za nyuma, zenye utando wa buibui."

"Mwizi gani huja kufanya usafi?"

Mtaalamu aliinua mabega. Odashima akamgeukia mtawa.

"Nani alikuwa anakitaka hicho kitabu?"

Ryoen alisitasita. "Yuko mama mmoja kutoka Hakodate. Nilimwahidi kumfungulia jana asubuhi."

*

Mama Nagai Fumi, mwenye miaka sitini na miwili, alimpokea Inspekta katika chumba cha nyumba ya wageni. Kwenye meza, chai mbili. Kando ya chai, chungu cha mifupa kilichofungwa kitambaa cheupe.

"Usishtuke," alisema. "Ni baba yangu."

"Kafariki lini?"

"Miaka kumi na moja iliyopita."

"Na bado hujamzika?"

"Aliniambia, 'Niweke kwa mama yangu.' Mama yake alimjua kwa jina tu. Sasa yeye anakaa juu ya kabati, nami natafuta."

"Juzi usiku ulikuwa wapi?"

"Hapa. Muulize mwenye nyumba, alinilalamikia. Nilitembea chumbani mpaka sakafu ikamkera." Alitabasamu kidogo. "Nimerithi. Baba alitufanya tuhame nyumba kumi na nne. Kila tukitundika pazia, anasema hapa sipo."

"Watu watasema wewe ndiye mwizi."

"Niibe nini, Inspekta? Ningefunguliwa kesho yake, nikaandaliwa na chai!"

Hoja ilikuwa na uzito. Akamwomba aeleze tangu mwanzo.

Mwaka 1896, wavuvi walimwokota mtoto wa miaka mitatu akielea juu ya mlango wa nyumba. Meli ilimpeleka Hakodate. Huko walimpa jina la Ginji. Shingoni alikuwa na kifuko. Mama Nagai alikifungua, akatoa kisanduku kidogo: ndani mlikuwa na kitovu kilichokauka, kama wazazi wanavyowawekea watoto wao, na karatasi iliyoliwa na maji ya chumvi. Jina la mtoto lilikuwa limefutika. Ilibaki tarehe ya kuzaliwa na jina la mama: Sayo.

"Nimesoma madaftari ya kuhesabu watu ya vijiji thelathini na vinne vya pwani hii," alisema. "Sayo mwenye mtoto wa tarehe hii ni mmoja tu. Nyumba ya Kariya. Watu sita. Mtoto aliitwa Matsuzo. Daftari linasema wote sita walikufa. Basi ni mtoto gani aliyezikwa? Kitabu cha hekalu ndicho kingejibu."

"Ulipomweleza mtawa, nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna." Kisha akafikiri. "Bibi mmoja tu, aliyeleta chai."

*

Makaburi ya Kariya yalikuwa juu ya kilima, nyuma ya hekalu. Jiwe moja kubwa, na pembeni jiwe dogo, urefu wa goti.

Odashima alichuchumaa. Mbele ya jiwe dogo kulikuwa na duara jeupe, mahali ambapo kuvu haikuota.

"Hapa hukaa kikombe," alisema.

"Ni cha Bibi Toku," alijibu Ryoen. "Huleta uji mtamu wa mchele kila asubuhi. Mvua, theluji, yeye yumo. Ameolewa nyumba ya Kariya."

"Si walikufa wote?"

"Ndugu waliketi wakaweka watu wapya ili jina la nyumba lisizimike. Ndivyo walivyofanya pwani nzima. Mumewe ni mjukuu wa hao."

"Mbona leo hakuna kikombe?"

Mtawa aliangalia lile duara. "Sasa unavyosema... hata jana hakikuwepo."

"Na nani husafisha hekalu lako?"

Ryoen alifumba macho. "Yeye."

*

Bibi Toku alikuwa ukumbini kwake akikuna figili. Hakuinuka.

"Wewe si mtoto wa muuza tofu? Ulikuwa unalia ukitumwa dukani peke yako."

"Ndiye mimi, Bibi. Siku hizi silii."

"Sasa unaliza wengine."

"Kitabu kiko wapi, Bibi Toku?"

Figili ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Vumbi. Ulishindwa kuliacha."

Bibi alijifuta mikono, akaenda mbele ya madhabahu ya nyumbani. Kitabu kilikuwa pale, kimeviringishwa katika mshipi wake wa harusi. Mama Nagai, aliyeombwa kusubiri mlangoni pamoja na mtawa, hakuweza kusubiri. Aliingia bila hata kuvua viatu.

"Miaka kumi na moja baba yangu yuko juu ya kabati! Nawe unaficha mama yake ndani ya mshipi?"

"Kweli," alisema Bibi Toku. "Nimekosa."

"Kwa nini?" aliuliza Odashima.

"Mwaka 1945 tulikuwa Manchuria, kule Uchina. Tuliposhindwa vita, tulikimbia. Isao wangu alikuwa na miaka mitatu, ana homa, na msafara haukusubiri. Nilimlaza kwenye shamba la mtama. Nikamfunika koti langu. Nikamwambia, narudi sasa hivi. Niliporudi Japani nikaolewa hapa. Siku ya kwanza nikaonyeshwa makaburi. Nikamkuta mtoto wa miaka mitatu. Nikasema, huyu nitamlisha mimi. Labda kule yuko mwanamke atakayemlisha wangu."

Kalamu ya Odashima haikuwa imegusa daftari.

"Halafu napeleka chai, nasikia mtoto wa Kariya hakufa. Basi aliyelala pale si wa ukoo. Asiye wa ukoo hutolewa, Inspekta, akatupwa penye rundo la mawe ya wasio na ndugu. Mtoto yule aachwe njiani mara ya pili? Nikasema kitabu kisisomwe."

"Mbona basi ulikoma kumpelekea uji?"

"Nilifika jana na kikombe. Miaka arobaini na minane nimemwita Matsuzo. Sikujua nimwite nani. Nikarudi nacho."

Ryoen alifungua kitabu. Alisoma majina matano, la Sayo likiwa la tatu. Kisha la sita: "'Matsuzo, miaka mitatu. Uso haukutambulika. Ametambuliwa kwa koti jipya la buluu lenye samaki.'"

Mama Nagai alikitazama kifuko mkononi mwake. Kilikuwa kimezungushiwa kipande cha nguo. Buluu, na mkia wa samaki.

"Siku ya tsunami ilikuwa sikukuu ya wavulana," alisema mtawa polepole. "Kina mama wote waliwashonea watoto makoti. Kitambaa kilikuwa kimoja kijiji kizima."

Mama Nagai akavua viatu, akavipeleka mlangoni, akarudi kuketi. Ilikuwa mara ya kwanza Odashima kumwona ameketi akatulia.

"Msimtoe," alisema. "Amelala na bibi yangu miaka mia. Baba ataingia humohumo. Watabanana."

"Mimi nafuta mashtaka," alisema Ryoen haraka, kabla hajaulizwa.

Siku ya maadhimisho chungu kilishushwa chini ya jiwe kubwa. Bibi Toku alikuja na vikombe viwili. Cha kwanza alikiweka kwa Ginji. Cha pili alikiweka juu ya lile duara jeupe, akafungua kinywa, akakifunga.

"Mwite," alisema Mama Nagai.

"Kwa jina gani? Matsuzo ni baba yako."

"Baba hakuitwa Matsuzo hata siku moja tangu alipookotwa. Huyu amelitumia miaka mia. Ni lake."