Mshale wa Chini Mara Tatu

Rafiki yangu ni fundi wa kompyuta. Jioni moja mjane alimwita: menyu ya kompyuta ya marehemu mumewe ilikataa kupangwa upya. Mume alikuwa haoni, akaipanga aifuate kwa vidole: mshale wa chini mara tatu, kisha enta, kinasa sauti kinafunguka.

“Kila nikiipanga inajirudia, fundi. Na vitufe navisikia nikiwa chumbani. Leo ikirudi tena, nahama na wanangu.”

“Hitilafu tu hiyo, dada. Huhami.”

Aliipanga, akazima kompyuta, akachomoa kibodi na kuipakata. Umeme ukakatika. Chini ya kiganja chake, kitufe cha mshale kikabonyea: ta, ta, ta.

“Mara ngapi?” mjane aliuliza gizani.

“Tatu.”

Kisha enta ikazama, na haikuinuka.