Mashua Iliyokuja Ndani ya Ukungu

Mimi siogopi kitu, Kisangani yote inajua. Lakini rafiki yangu Mahmoudi, mwoga yule, alitafuta mashine ya kuonyesha mashua zinazokuja, asigongwe na baleinière, zile mashua kubwa za mbao, ndani ya ukungu.

«Kamata hii, inatuma na jina ya mashua yako kwa wengine,» papa Emile muuzaji akamwambia.

«Ya kupokea tu inatosha. Weye uza, nyamaza,» Mahmoudi akajibu.

Siku moja, karibu na kijiji cha Barumbu, ukungu ukafunga muto. Mashine ikalia: mashua moja iko mbele, jina FATOUMA. Bon, Fatouma ni mashua ya Mahmoudi mwenyewe, na mashine yake haitumi kitu. Mita mia. Kumi. Sifuri. Hakuna kilichomugonga.

Muti wake wa kupima maji ulikuwa umelala mukavu miguuni. Mwingine ulikuwa unagonga mbao za mashua polepole, toka chini ya maji, kama mutu anayetafuta kina.