Koti la Kafa Ulaya

Jioni ile Ndinda alitoka nyumbani akiubamiza mlango, na hakujali nani mtaani Umoja amesikia.

Hasira zilikuwa zimemkaba tangu asubuhi. Jumamosi alikuwa apande ndege kwenda Uingereza kuanza shahada ya uzamili, na badala ya kupewa hongera alikuwa anaombolezwa akiwa hai. Kila aliyekutana naye alimtupia swali lile lile: na wewe utapotea kama kakako?

Kakake, Mutie. Aliondoka mwaka wa tisini na moja kwenda kusoma huko huko. Aliandika barua mwaka mmoja, kisha kimya. Watu walisema ameoa mzungu, amebadilisha jina, amesahau hata ladha ya muthokoi. Ndinda aliyaamini yote. Siku Mutie anaondoka yeye alikuwa bwenini chuoni, hakuagwa, na alikuwa amejiapiza kwamba akimpata huko atamzaba kofi kwanza, salamu baadaye.

Mama yao, Nzisa, mwanamke wa kanisa asiyekosa ibada, alikuwa amemnunia tangu habari za chuo zifike. Isipokuwa Jumapili iliyopita. Jumapili alimketisha katikati ya magoti yake akamsuka nywele kwa uzi mweusi, polepole, akivuta na kukaza mpaka ngozi ya kichwa ikawaka moto. Ndinda alivumilia. Alidhani huo ndio msamaha. Lakini leo asubuhi mama alikuwa ameanza tena: usiende, utaniacha na nani, mwangalie kakako.

Kwa hiyo alibamiza mlango, akaenda kuchukua koti.

Stima zilikuwa zimepotea. Sokoni Jecinta, muuza mitumba, alikuwa amewasha koroboi na anafunga kibanda.

"Niaje Ndinda. Nimekuwekea moja moto sana. Huko kwa baridi utanikumbuka."

Lilikuwa koti jeusi la kiume, zito, refu hadi magotini. Lilinuka dawa ile ya marobota, harufu ambayo kila mtu anaijua. Lakini chini ya dawa kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliochimbwa leo.

"Mbona bei imeshuka hivi?"

Jecinta alicheka, lakini hakumtazama. "Kuna jamaa alichukua juzi, akarudisha."

"Kwa nini?"

"Ati linakohoa."

Wakacheka wote wawili. Ndinda akalipa. Manyunyu yalikuwa yameanza, naye alikuwa na kiblauzi tu, basi akalivaa pale pale. Lilimkaa vizuri mno. Mikono ilikuwa mirefu, lakini mabega yalimpokea kama ya mtu anayemfahamu.

Alikusudia kupitia dukani kununua mafuta ya taa. Aliikumbuka vizuri nia hiyo baadaye. Lakini walipofika njia panda...

Walipofika. Hata yeye alijishtukia akiwaza hivyo.

Miguu ilikata kushoto. Alitaka kulia, ikaenda kushoto, harakaharaka, mwendo wa mtu aliyechelewa chakula cha jioni. Ilimpitisha nyuma ya kanisa, ikakata kona mbili gizani bila kujikwaa, kisha ikasimama ghafla.

Pua yake ilikuwa imegusa ukuta.

Ndinda aliupapasa. Matofali baridi, yenye unyevu. Huu ulikuwa ukuta wa vyumba vya kupangisha alivyoongeza Walter, jirani yao mwenye tamaa isiyo na breki. Zamani hapa palikuwa na kichochoro cha kukatia kwenda kwao. Kilizibwa miaka miwili iliyopita, na kila mtu mtaani alijua. Mtoto wa chekechea alijua.

Asiyejua ni yule aliyeondoka kabla ya hapo.

Koti likamsukuma ukutani. Taratibu, kwa kushangaa, kama mtu anayejaribu mlango ambao daima hufunguka.

Kisha, ndani ya ukosi, karibu kabisa na sikio lake la kushoto...

Kikohozi.

Kikavu. Cha kifuani. Cha mtu aliyeugua peke yake muda mrefu.

Ndinda alivuta vifungo ili alivue, vidole vikateleza kwa jasho, akageuka akakimbia kwa njia ya barabarani, na safari hii koti lilimfuata kwa utiifu, likigongagonga magoti yake.

Mlangoni kwao alimkuta Mishi, mpangaji wao kutoka Mombasa, ameinamia chetezo cha udi. Mishi aliinua uso.

"Karibuni," alisema.

Ndinda alikuwa peke yake.

"Ndinda, mwanangu..." Mishi alishusha sauti. "Hiyo si kafa Ulaya? Umeivaa bila kuifua kwa maji ya chumvi?"

Kafa Ulaya. Ndivyo walivyoiita mitumba watu wa kwao Mishi: nguo za waliokufa huko, wasio na haja nazo tena. Ndinda alikuwa akilicheka neno hilo tangu utotoni.

"Ni koti tu, Mama Mishi."

"Na huyo mwenzio, mbona haitikii salamu?"

Ndinda alimpita haraka akaingia. Ndani, mama yake alikuwa ameinamia jiko, amempa mgongo, anakoroga sufuria kwa mwanga wa makaa. Ndinda alifungua kinywa amwambie kila kitu.

Koti likakohoa kabla yake.

Mwiko ulianguka. Mama hakugeuka. Lakini mabega yake yalipanda, na sauti iliyomtoka ilikuwa na furaha ambayo Ndinda hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake.

"Mutie?"

"Ni mimi, Mwaitu," Ndinda alisema. "Ni Ndinda."

Mama aligeuka. Aliliona koti. Wala hakuuliza limetoka wapi. Alipiga magoti, akashika pindo la chini upande wa kushoto, akaliminya kwa vidole mpaka akapata alichokitafuta, akakata uzi kwa meno. Kifundo cha kitambaa kilimwangukia kiganjani. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mweusi.

Alijua pa kutafuta.

"Mwaitu." Ndinda alilivua koti, likaanguka sakafuni. "Umejuaje?"

"Nilikishona mimi."

"Koti la nani hili?"

Mama alikibusu kile kifundo. "Nilimnunulia mwenyewe. Nikaenda kwa mzee mmoja wa uganga huko kijijini. Nilitaka tu arudi! Mtoto akienda mbali, mama afanye nini? Mzee akaniuliza, unataka kirudi nini? Sema. Na mimi nikaogopa. Jina la mtoto wako utamtajiaje mtu kama yule? Akilala nalo usiku, je? Akiliuza? Nikashika koti, nikasema, nataka hili lirudi kwangu."

Makaa yalipasuka jikoni.

"Hili koti lirudi," Ndinda alirudia.

"Nilimaanisha yeye."

Hapo ndipo hasira za Ndinda zilipolipuka, na zilikuwa zake na za Mutie pamoja. Alimfokea mamake kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimwambia Mutie hakuwasahau. Alimwambia miaka yote hiyo wamemtukana maiti, yeye Ndinda akiwa wa kwanza, kumbe mama yao anaenda kanisani Jumapili na kwa mchawi Jumatatu. Mutie alikohoa peke yake huko! Alivuliwa nguo na watu wasiomjua, wakazitupa kwenye robota! Alilia kwa hasira huku amekunja ngumi, na mama alimwacha amalize, akilikunja lile koti magotini pake vizuri, mikono ndani, kama wanavyokunja wanaofunga mzigo wa safari.

"Na mimi?" Ndinda aliuliza mwishowe. "Mimi umenishonea wapi?"

Mama alinyanyua macho. Hakuyaelekeza kwenye sanduku la safari lililokuwa kando ya kitanda. Aliyaelekeza juu kidogo ya paji la uso la Ndinda.

Ngozi ya kichwa ikaanza kuwaka tena.

Uzi mweusi.

"Usiogope," mama alinong'ona, na alitabasamu kwa upendo wa kweli, ndiyo maana ilitisha. "Safari hii sikukosea. Wewe nilitaja jina."

Ndinda alichukua mkasi. Alikata zote, nywele na nyuzi, hadi kichwani, akazitia jikoni. Nywele ziliungua na kunuka. Nyuzi zilijikunja juu ya makaa, nyeusi vilevile, hazikushika moto. Mishi alizichota kwa koleo akazipeleka alikokujua yeye, wala hakurudi kusema ni wapi.

Jumamosi Ndinda aliondoka na kipara. Hakumkumbatia mama yake. Koti lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango, na Mishi aliandika baadaye kwamba Nzisa huliandalia sahani kila jioni, na kwamba chakula hupungua.

Uingereza, Ndinda aliuliza habari za Mutie kila alipoweza. Hakuna aliyejua kitu. Alijinunulia koti jipya dukani, koti ambalo halijavaliwa na binadamu yeyote. Alisoma sana. Hasira ni kuni nzuri kwa mtu anayesoma.

Lakini nywele zilipoanza kuota tena, jambo moja lilianza nazo. Jioni, akitoka chumbani kwenda maktaba, kuna anayemwita. Humwita jina lake lote, mara moja tu, kwa upole, kwa sauti ya mama akisuka. Miguu hugeuka. Haimpeleki maktaba wala chumbani. Humpeleka moja kwa moja, harakaharaka, upande wa kwao, mpaka pua yake iguse ukuta wa chuo.

Mara ya mwisho aliupiga ukuta ule kwa ngumi zote mbili mpaka vidole vikavuja damu.

"Siji!" alifoka. "Siji, Mwaitu! Unasikia? Siji!"

Halafu akakohoa.