Namba ya Siri ya Mchezo wa Magari

Kila walipotoka shule, Kidoti na shoga yake Kasuku walipitia kwa Mama Duka kuitazama mashine. Lilikuwa kabati refu la chuma kando ya mlango. Unaingiza noti, unabonyeza picha ya mchezo unaoutaka, nalo linakutemea kikaratasi chenye namba ya siri. Ukiiandika namba hiyo kwenye simu, mchezo unafunguka. Namba hutumika mara moja tu, basi.

Kasuku aliitwa hivyo kwa sababu alichokiona mara moja hakikumtoka kichwani. Kidoti alijivunia kichwa hicho kama chake.

Siku hiyo Kidoti hakwenda kutazama tu. Mdogo wake alikuwa amevunjika mguu, analala kutwa akigombana na dari, na Kidoti alikuwa amemwahidi mchezo wa magari. Aliingiza noti aliyoipata kwa kujinyima vitafunio, kikaratasi kikatoka.

"Nishikie kidogo, nifunge kamba ya kiatu," alimwambia Kasuku.

Nyumbani alikuta vyombo vinamsubiri. Alipomaliza kuviosha, akachukua simu ya mama na kuandika namba. Simu ikajibu: namba imeshatumika. Akarudia, jibu likawa lile lile. Mdogo wake akageukia ukutani akilia.

Kidoti akarudi dukani mbio, damu inamchemka.

"Mama Duka, mashine yako mwizi! Na wewe unajua!"

Wateja wakageuka. Mmoja akarudisha noti yake mfukoni.

Mama Duka hakufoka. Alimpigia simu fundi wa mashine, akaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie. Fundi akaulizia namba, akatafuta.

"Mashine nzima, mama. Namba imetumika jioni hii. Mchezaji anajiita Malkia wa Dawati la Nyuma."

"Huyo ni Kasuku," alisema Kidoti. Jina hilo alilitunga yeye, siku alipombembeleza Kasuku aliyekuwa akilia darasani. Walilijua wao wawili tu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Duka alisema polepole.

Kidoti akalia palepale. Mchezo aliusahau kabisa. Lililomuuma lilikuwa jina.

Kesho yake Kasuku alishindwa kumtazama usoni. "Niliiona tu, ikaganda kichwani. Nikasema nijaribu kidogo..."

"Ujaribu cha mgonjwa?" Kidoti aliuliza, akaondoka.

Mama Duka aliamua Kasuku amfagilie duka kila Jumamosi mpaka thamani ya mchezo irudi. Kidoti naye alimwomba Mama Duka radhi mbele ya wateja, kwa kuwa alimwaibisha mbele yao. Jumamosi ya mwisho Mama Duka alitoa noti, Kidoti akaiingiza mashineni. Jioni ile mdogo wake angeendesha magari mpaka usingizi umchukue.

Kikaratasi kilipotoka, Kasuku aligeuka mwenyewe akatazama ukuta. Kidoti alikikunja, akakitia mfukoni.

"Mchezo umeulipa, mwanangu," Mama Duka alimwambia Kasuku. "Lakini imani hailipwi kwa ufagio. Ukiivunja kwa dakika moja, utaingoja siku nyingi, mpaka mwenyewe akuite."

Kidoti alisikia kila neno. Siku hiyo hakuita.