Kikombe cha Dirishani

Kwenye foleni ya mkate katikati ya Amman, Tugrul, mpima ardhi kutoka Bursa, alimwambia mwokaji kwa Kiarabu cha kuokoteza, "Wewe, nipe mitatu." Mwokaji akapandisha nyusi. Nyuma ya Tugrul msichana wa koti jekundu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kaka, hiyo 'wewe' ni ya wanawake! Huoni masharubu?"

"Basi nifundishe, dada."

Msichana huyo, Ruwaida, alimfundisha sebuleni kwao, kila Alhamisi alasiri, mama yake akiwapo.

"Mimi," alijigusa kifua. "Wewe," akamnyooshea kidole. "Yeye." Akaelekeza kiti kitupu dirishani. Mbele ya kiti hicho mama alikuwa ameweka kikombe cha kahawa.

"Yeye nani?"

"Baba. Ana miaka sita kaburini."

Somo lilipokwisha, kikombe kile kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekuwa ameinuka. Kwa wiki tano Tugrul alikichunguza kama achunguzavyo mpaka wa shamba, na kila mara kilikauka. Kufikia wiki ya sita alikuwa amempenda Ruwaida, naye amependwa. Akampigia simu.

"Mpenzi, kazi yangu inaisha. Twende Bursa."

"Na mama nimwache na nani?"

"Na kikombe chake. Si ndiye anayekinywa kwa siri?"

"Unamwita mama yangu mwongo?"

"Nasema kinachowezekana."

"Basi kaoe kinachowezekana!"

Siku kumi na moja simu haikupokewa. Ya kumi na mbili alikwenda mwenyewe, suti imenyooka. Mama akammiminia kahawa. Tugrul akaiweka mezani bila kuionja, kama waposaji wa pale: hawanywi mpaka wajibiwe.

"Nani kakufundisha hilo?" Ruwaida aliuliza.

"Mwokaji."

Mama aligeukia dirishani, maana jibu halikuwa lake. Kikombe cha kule kilikuwa kimejaa, kahawa imepoa hadi kufanya utando.

"Hajanywa," alinong'ona. "Naye ana ombi."

Tugrul alimtazama Ruwaida, akalijua ombi lenyewe. Akasimama mbele ya kiti.

"Wewe," alisema, na safari hii neno lilikuwa la kiume, bila kosa. "Binti yako hatoki Amman. Nitabaki mimi."

Hakuna aliyesogea. Pazia lilitulia. Baada ya kitambo mama alikwenda kukichukua kikombe: kilikuwa kitupu, na kilikuwa cha moto.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," alisema. "Umekubaliwa."