Jumatano Niliyomchagulia Baba

Aliyeniuza kwa askari wa mahakama ni mama yangu mzazi.

"Ni huyu," alisema, akaninyooshea kidole mbele ya masjala nzima. "Kiberiti kiko kwenye soksi."

Na kweli kilikuwa kwenye soksi. Miaka mitano ya shule ya bweni imenifundisha kupanga foleni na kuficha vitu kwenye soksi. Hesabu bado tunajadiliana.

Ndugu msomaji, kabla hujanihukumu nisikilize. Wewe angalau utanihukumu leo hii hii.

Nilikuwa nimebeba keki. Ndogo, ya duara, nimeiandika kwa sukari: HERI YA KUZALIWA, JALADA. Juu yake mishumaa mitano, miwili ikiwa imeshawaka. Jalada la baba lilikuwa linatimiza miaka mitano humo masjala na hakuna aliyewahi kulifanyia sherehe. Niliona si utu.

Baba yangu ni dereva wa lori. Alifungwa miaka sita kwa kuiba mzigo wa tajiri wake. Kabla hajamaliza mwaka wa kwanza, mtunza stoo wa tajiri huyohuyo akakiri kwa maandishi kuwa mzigo aliuuza yeye.

Baba akaandika maombi ya mapitio ya hukumu yake kwa mkono wake, bila wakili. Akaambatanisha ile barua. Akaomba kitu kimoja tu: aachiwe.

Yakasikilizwa asubuhi moja. Jaji akasema uamuzi utatolewa kwa taarifa, yaani tungejulishwa tarehe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na saba... taarifa iko njiani.

Kila mwezi mama alivaa gauni lake la kwendea hospitali, akaenda kusimama kwenye dirisha la masjala.

"Samahani, nasumbua tena."

"Bado, mama," karani anajibu.

"Ahsante."

Miaka mitano mama yangu anasema ahsante. Ndiyo maana safari hii nikamfuata na keki.

"Mama, umenichoma kweli?" nilimuuliza, askari kanishika mkono.

"Mimi nimewabembeleza miaka mitano, wewe unakuja kuwakejeli kwa dakika tano. Wakikasirika watalizika kabisa hilo jalada."

"Limeshazikwa, mama. Mimi nimeleta maua tu."

"Nyamaza."

Utajiuliza tulikuwa tunahangaikia nini, maana siku hiyo ilikuwa Jumanne na baba alikuwa anamaliza kifungo Jumatatu iliyofuata. Tulikuwa tunahangaikia jina lake. Kwenye udereva, mwenye hatia ya wizi hapewi hata ufunguo wa toroli. Na baba hajui kazi nyingine.

Mlango wa ndani ukafunguka. Jaji mwenyewe, mwanamama mwembamba, kashika kikombe cha chai.

"Kuna nini hapa?"

Askari akakauka kama anatoa heshima za mazishi. "Mheshimiwa, ni... sikukuu ya kuzaliwa ya jalada."

Hakuna aliyecheka. Jaji akaihesabu ile mishumaa kwa macho, mmoja mmoja.

"Nileteeni hilo jalada."

Karani akalitoa chini ya mengine, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Mimi na mama tukawekwa kwenye benchi.

Baada ya nusu saa karani akarudi.

"Jaji amelisoma lote."

Nusu saa, ndugu msomaji. Lisome tena hilo neno kisha uendelee.

"Anaandika uamuzi," karani akasema. "Kuna nafasi Ijumaa hii, au Jumatano ijayo. Chagueni."

"Ijumaa," mama akasema.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipojiunga na kesi.

"Mama, Ijumaa ataletwa na pingu na nguo za gereza. Jumatatu anatoka. Jumatano ataingia kwa miguu yake mwenyewe, kavaa suti, wote wamwone."

Mama akasita.

"Suti yake itakuwa inampwaya."

"Tutaipunguza."

Mama akatabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo. Karani akaandika Jumatano, na mimi nikajiona wakili mkuu wa familia.

Jumatano baba aliingia na suti. Tuliipunguza mabega, bado ilimpwaya. Alitembea taratibu katikati ya viti, kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Jaji alikuwa na kurasa nne mbele yake.

"Mwombaji yuko wapi?"

"Niko hapa, mheshimiwa."

"Askari magereza aliyekuleta?"

"Hakuna, mheshimiwa. Nimemaliza kifungo juzi."

Jaji akavua miwani. Kisha akazigeuza zile kurasa nne kifudifudi.

"Maombi yako yanaomba uachiwe," alisema. "Umeshaachiwa. Mahakama haina tena cha kuamua. Maombi yamefungwa."

"Na ile hatia, mheshimiwa?"

"Unaweza kufungua maombi mapya."

"Yatachukua muda gani?"

Jaji alimwangalia karani. Karani akaangalia meza.

"Utapewa taarifa," karani akasema.

Kule nje, karani alinivuta pembeni, akanong'ona kama mtu anayetubu.

"Zile kurasa nilizichapa mimi. Jaji alikuwa amemfutia baba yako hatia yote. Ingekuwa Ijumaa, angeshinda."

Nikamwambia ahsante. Mimi, ambaye matroni wa bweni alishawahi kunipa adhabu kwa kujibu kengele.

Tulishuka ngazi. Baba alikuwa amevua koti, kalikunja mkononi. Alikuwa amesikia mnong'ono wa karani.

"Kwani kulikuwa na Ijumaa?" aliuliza. "Nani alichagua Jumatano?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," mama akasema. "Nilitaka nikuone na suti."

Baba akatangulia mbele peke yake. Tangu siku hiyo wanaongea mambo ya 'lete chumvi' na 'funga mlango' tu.

Najua mnasubiri funzo. Hili hapa: ukipewa tarehe na mahakama, chukua ya kwanza, hata kama mtu wako ataletwa na pingu. Utamvalisha suti baadaye.

Mama amenikataza kumwambia baba. Sijamwambia; nimewaambia ninyi.

Baba hana simu bado. Akinunua, atakuta nimeandika hapa mtandaoni kwamba nilikuwa mimi.